Igizo la Vita Bila Skripti: Mwongozo kwa Kikundi cha Vijana

Kila kikundi kipya kinapoamua kutunga igizo la Vita vya Kagera, maswali ni yaleyale. Skripti aandike nani? Magwanda tutayapata wapi? Nani ataigiza Idi Amin? Bomu tulifanyeje jukwaani? Nitayajibu kwa mpangilio, lakini kwa kifupi: skripti haitangulii, magwanda hamyahitaji, Amin asitokee kabisa, na bomu lisikike tu, lisionekane. Mkishayakubali hayo manne, kazi inayobaki ni moja: kujua watu wa nyumba moja walifanya nini siku vita vilipofika mlangoni kwao.

Mwongozo huu ni kwa vijana wa miaka 14 hadi 20, wawe wa shule, wa kata au wa kwaya, wenye mlezi mmoja na mfuko mtupu. Nimechukua vita hivi vya 1978 na 1979, kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kwa sababu mashahidi bado tunao. Aliyekuwa na miaka kumi na tano wakati ule sasa ni babu au bibi, na mara nyingi yupo mtaa wa pili tu, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Vijana 8 hadi 15. Wakizidi hapo, gaweni vikundi viwili vinavyoangaliana.
- Mahali pa kufanyia mazoezi penye kivuli na pasipo watazamaji. Watoto wanaochungulia dirishani wanaua mazoezi, kwa sababu mwigizaji huanza kuwachekesha.
- Karani. Huyu haigizi. Ana daftari na simu ya kurekodi sauti, naye ni muhimu kuliko mwigizaji yeyote mliye naye.
- Wazee wawili au watatu walioishi kipindi hicho. Si lazima wawe wanajeshi.
- Khanga moja kwa kila mtu, ndoo, madumu, benchi mbili, ngoma moja, kipande cha bati na redio ya zamani hata kama ni mbovu.
- Wiki nane, mazoezi mara tatu kwa wiki, saa mbili kila mara.
- Ruhusa. Onyesho la hadhara lina vibali vyake. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atawaambia karatasi zinazotakiwa. Kama mko shuleni, mkuu wa shule aijue mada tangu siku ya kwanza. Wazazi nao wajue.

Andikeni tarehe hizi kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani. Hamtazitamka jukwaani, ila kila mwigizaji lazima ajue tukio lake liko wapi katika mstari huu:

- 25 Januari 1971: Amin ampindua Milton Obote. Obote apata hifadhi Tanzania.
- Mwisho wa Oktoba 1978: majeshi ya Uganda yavuka mpaka na kuingia eneo lililo kaskazini ya mto Kagera.
- 1 Novemba: Uganda yatangaza kwamba eneo hilo sasa ni lake.
- 2 Novemba: Mwalimu Nyerere alihutubia taifa, asema sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi vyote vipo.
- 3 Novemba: daraja la Kyaka, la kuvukia mto Kagera, lalipuliwa na wavamizi.
- Januari 1979: mapigano yafika Mutukula, mpakani.
- Februari: Masaka yatekwa.
- 11 Aprili: Kampala yaanguka.
- Mwanzoni mwa Juni: mapigano yamalizika. Kisha Mwalimu awaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18.

Hatua ya 1: Chagueni kona moja

Kikundi kinachotaka kuanza na mapinduzi ya 1971 na kumaliza na gwaride la ushindi hakitamaliza. Na kikimaliza, hadhira itakuwa imeshaondoka. Chukueni kona moja. Hizi zinabeba igizo zima:

a) Familia iliyo kaskazini ya mto Kagera, siku chache kabla daraja halijavunjwa.
b) Nyumba ya mbali na vita, tuseme Dodoma au Morogoro, ambako kijana wa mgambo ameitwa.
c) Dereva ambaye lori la tajiri wake limechukuliwa kwa kazi ya jeshi, na yeye kalifuata.
d) Foleni ya sukari mwaka 1980, na mama ambaye mwanawe hajarudi wala hajaletewa habari yoyote.

Wanaoanza wachukue (a). Daraja linawapa saa inayohesabu, na igizo lisilo na saa hulegea. Binafsi naipenda (c). Magari mengi ya raia yalikwenda vitani pamoja na madereva wake, na watu hao hawasimuliwi sana. Ila inahitaji kijana anayeweza kuibeba jukwaa peke yake kwa dakika kumi.

Hatua ya 2: Waulizeni wazee, na ulizeni vitu

Nendeni wawili tu, msiende kundi zima. Shikamoo, kaeni, semeni mmetoka wapi na mnataka nini. Ombeni ruhusa ya kurekodi kabla simu haijatoka mfukoni. Akikataa, andikeni kwa mkono.

Msiulize "Ulijisikiaje?" Mtapewa jibu la hotuba: tuliumia sana, lakini tulishinda. Ulizeni vitu. Siku hiyo jikoni kulikuwa na nini? Redio ilikuwa kwa nani? Nani alimbeba mtoto mdogo? Mlango mliufunga kwa kufuli au mliuacha? Mbwa alibaki? Mlilala wapi usiku wa kwanza? Maswali haya yanaonekana ya kitoto, lakini ndiyo yanayozaa matukio. Novemba ni msimu wa senene Kagera. Mzee akikuambia watoto walikuwa wanaokota senene alfajiri milio ilipoanza, umepata tukio zima bila kutunga chochote.

Onyo: usimuulize mwanajeshi wa zamani ameua wangapi. Kuna kijana atalitaka swali hilo kuliko mengine yote, kwa hiyo mkanyeni kabla hamjafika. Na mzee akinyamaza katikati ya maneno, msimjazie. Subirini. Asipoendelea, ombeni maji ya kunywa, ongeeni mengine, kisha ageni.

Majina halisi msiyatumie. Badilisheni jina na kijiji, na mwambieni mzee kwamba mmebadilisha.

Hatua ya 3: Wekeni sheria za mazoezi

Tatu zinatosha.

Ya kwanza ni *pokea, ongeza*. Mwenzako akisema mtumbwi umejaa, umejaa. Huruhusiwi kusema "mbona naona nafasi." Unaupokea ukweli wake, kisha unaongeza wako: "Basi mchukue mtoto, mimi nitabaki." Igizo la papo kwa papo linakufa pale wawili wanapobishana kuhusu nini kipo na nini hakipo.

Ya pili ni neno la kusitisha. Chagueni neno ambalo haliwezi kutokea ndani ya igizo, kwa mfano "karanga". Yeyote akilitamka, hata aliye pembeni, kila kitu kinasimama na hakuna anayedai maelezo.

Ya tatu: hakuna kofi la kweli, hakuna mkono shingoni, hakuna kuburuta mtu. Vipigo vinaigizwa kwa umbali wa hatua mbili. Mpigaji anasogeza mkono, mpigwaji ndiye anayetoa mlio.

Anzeni kila siku kwa wimbo wa pamoja na picha mgando. Mlezi anasema "kivukoni", wote wanaganda kama watu walio kivukoni, kisha anamgusa mmoja begani na huyo anasema sentensi moja. Dakika kumi, basi.

Hatua ya 4: Zoezi la mzigo

Hapa ndipo igizo linapozaliwa, kwa hiyo lipeni wiki nzima.

Tandikeni khanga chini, moja kwa kila mwigizaji. Katikati wekeni rundo la vitu: sufuria, kitabu, picha ya harusi, kiatu, redio, chupa ya dawa, jembe, mtoto wa kitambaa. Mlezi anasema: "Daraja litavunjwa. Mna dakika mbili. Kinachoingia kwenye khanga ndicho mtakachokuwa nacho." Halafu anahesabu kwa sauti. Waacheni wagombane. Karani aandike nani kachukua nini, nani kamnyang'anya nani, na nini kimebaki chini.

Kisha chagueni wawili. Mmoja anataka kuondoka, mwingine hataki, na yule asiyetaka awe na sababu inayoshikika kwa mkono. "Naipenda ardhi yangu" haishikiki. Mbuzi wanashikika. Mfano:

MJUKUU: Bibi, daraja litafungwa.
BIBI: Lifungwe. Nani atawafungulia mbuzi?
MJUKUU: Tutawakuta.
BIBI: Wewe umeshawahi kumkuta mbuzi uliyemwacha?
MJUKUU: (anaanza kufunga khanga) Nitakubeba.
BIBI: Nibebe. Na yule mwenye mimba nani atambeba?

Hakuna aliyesema "vita", "adui" wala "naogopa", lakini vyote vimo. Sasa angalia namna wanaoanza wanavyolifanya tukio hilohilo:

MJUKUU: Bibi! Majeshi ya nduli Idi Amin yamevamia nchi yetu!
BIBI: Loo! Tufanye nini, mjukuu wangu?
MJUKUU: Tukimbie, tuokoe maisha yetu!

Hiyo ni taarifa ya habari iliyogawiwa watu wawili. Ikitokea, msiwakemee. Warudisheni mwanzo na mpeni kila mmoja kitu cha kufanya kwa mikono: Bibi anachambua senene, mjukuu anatafuta ufunguo. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unaacha kuhutubia.

Onyo kubwa kwa vikundi visivyo vya Kagera: acheni lafudhi ya Kihaya ya vichekesho na utani wa nshomile, yaani Mhaya anayejigamba kwa usomi. Ukumbi utacheka, ndiyo, na baada ya hapo hautamwamini Bibi tena. Aongee Kiswahili chake cha kawaida, taratibu.

Hatua ya 5: Zoezi la redio

Mwaka 1978 habari ilifika kwa Redio Tanzania, na redio moja ilisikilizwa na nyumba nyingi. Wekeni redio juu ya ndoo, watu wote waizunguke. Mtu mmoja nyuma ya pazia ni sauti ya mtangazaji, anasoma habari fupi kutoka kwenye zile tarehe za ukutani. Betri zinaisha. Sauti inakatika katikati ya sentensi muhimu. Mtoto anatumwa kuzileta betri zilizoanikwa juani. Wakati wa kusubiri, kila mtu anaeleza alichosikia, na kila mmoja kasikia tofauti.

Msiigize hotuba ya Mwalimu. Kila kikundi kina kijana anayeweza kuiga sauti yake, na ni kweli anaweza, lakini ukumbi utampigia makofi yeye na tukio litaisha hapo. Tunachotaka kuona ni nyuso za wanaosikiliza: mama anayemtazama mwanawe wa miaka 19, na mwana anayekwepa kumtazama mama.

Hatua ya 6: Milio

Bunduki za mbao, za plastiki na za vidole ni marufuku jukwaani. Kijana akishika bunduki ya mchezo anarudi kuwa na miaka saba, na hadhira inarudi naye.

Mlio wa mbali ni ngoma iliyofunikwa khanga. Mlio wa karibu ni bati linalotikiswa nyuma ya hadhira, wasikokutarajia. Baada ya mlio, hesabuni tano kimya kabla mtu yeyote hajasema neno. Vijana wataona hizo tano ni ndefu mno na watataka kuzijaza kwa kilio; wazuieni. Mara moja au mbili katika igizo zima inatosha. Kombora la tatu halimshtui mtu.

Na magwanda, narudia: raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na suruali ya mabaka ya mtumba imo. Askari wenu wavae mashati ya rangi moja, mikono imekunjwa sawasawa, wasimame wima. Inatosha.

Hatua ya 7: Askari wa upande wa pili

Amin asitokee. Akitokea mnapata kichekesho, kwa sababu kila kijana amemwona kwenye filamu na anataka kutoa macho na kuvimbisha kifua. Watu wa kijiji kile hawakumwona Amin. Waliona askari mlangoni.

Kwa hiyo tengenezeni askari huyo. Ana miaka ishirini, kakata mkungu wa ndizi wa watu, hajui Kihaya, na anaogopa kulala kijijini. Mpeni tukio na Bibi peke yao. Kila mwigizaji aigize pande zote mbili angalau mara moja: leo wewe ni mwenye nyumba, kesho ni askari anayeingia. Anayekataa upande mmoja ndiye anayeuhitaji zaidi.

Wasije wakasahau pia kwamba Waganda waliokuwa uhamishoni walipigana bega kwa bega na JWTZ, jeshi la Tanzania, na kwamba mji wa Masaka ulibomolewa vibaya. Mkitoa igizo ambamo kila Mganda ni mnyama, mzee yeyote aliyefika kule atawasahihisha, tena mbele ya watu.

Hatua ya 8: Karani anaandika

Baada ya kila tukio karani anaandika mistari mitatu tu: kilichotokea, sentensi ya kubaki, kitu cha kutupa. Tukio linarudiwa mara tatu. Mara ya kwanza huwa zuri kwa bahati, ya pili huwa baya kwa sababu kila mtu anajaribu kuikumbuka ya kwanza, ya tatu ndipo mnajua mna nini. Msilitupe tukio kwa sababu ya ile mara ya pili.

Mkishafika ya tatu, fungeni vitu vinne: linavyoanza, linavyoisha, nani anataka nini, na zile sentensi mbili tatu za karani. Maneno mengine yaachwe huru hadi siku ya onyesho. Walimu wengi hapa huingiwa na hofu na kuandika kila neno. Matokeo yake ni watoto wanaokariri huku wanatazama dari.

Hatua ya 9: Pangeni karatasi

Kila tukio liandikwe kwenye karatasi moja, zitandazwe sakafuni. Saba hadi tisa zinatosha kwa igizo la dakika arobaini. Zipangeni, mpitie zote kwa mwendo bila maneno, halafu ondoeni moja na mwangalie kama kuna aliyeikumbuka. Kama hakuna, haikuhitajika.

Msimalizie na ushindi. Kampala ilianguka Aprili, sawa, lakini familia yenu ina mbuzi wasiopatikana na mtu asiyerudi. Jaribuni kumalizia kwenye foleni ya sukari, au siku wanaporudi na kukuta mlango waliouacha wazi umefungwa na mtu mwingine.

Hatua ya 10: Onyesheni kwa wazee kwanza

Kabla ya ukumbi wowote, waiteni wale wazee mliowahoji, wao tu, bila mgeni rasmi. Waigizieni, kisha mlezi aulize: "Wapi tumekosea?" Watawaambia namna ya kufunga mzigo kichwani, namna ya kumsalimia mkwe hata mkiwa mnakimbia, na kwamba hakuna aliyepiga kelele usiku ule kwa sababu kelele zilikuwa hatari. Rekebisheni hayo. Mzee akiomba jambo lake liondolewe, linaondolewa hata kama ndilo tukio bora mlilonalo.

Mambo yakikwama

*Wote wanaongea kwa pamoja.* Wekeni kiberiti jukwaani. Anayekishika ndiye anayeongea, na anayetaka kuongea lazima akiendee kwa sababu ya ndani ya igizo. Baada ya siku mbili kiondoeni.

*Mmoja anatawala kila tukio.* Mpeni mhusika ambaye hajatamka neno tangu mlio wa kwanza. Huwa anakuwa mwigizaji mzuri kuliko alivyokuwa.

*Tukio linazunguka bila kuisha.* Mlezi aseme kutoka pembeni: "Daraja, dakika moja." Atakayeondoka aondoke.

*Waigizaji wanacheka.* Kwa kawaida wamechoka au wanaogopa jambo lililo ndani ya tukio. Simamisheni, nyweni maji, rudieni wakiwa wamepeana migongo.

*Kijana analia, na si mwigizaji anayelia.* Semeni neno lenu la kusitisha. Mtu mzima mmoja atoke naye nje, wengine waendelee na wimbo. Asirudishwe kwenye tukio lile siku hiyo, na asiulizwe mbele za watu. Kama kikundi chenu kina vijana waliokimbia vita vya nchi nyingine, wapo wengi Kigoma na kwingineko, wao ndio wachague kuigiza au kukaa na karani. Msiwaombe wasimulie yao.

*Wazee wawili wanatofautiana.* Wakitofautiana kuhusu tarehe, fuateni karatasi ya ukutani. Wakitofautiana kuhusu nani aliogopa na nani alikuwa shujaa, igizeni yote mawili.

*Hadhira inacheka Bibi anaposukumwa.* Sogezeni tukio mbele kabisa, karibu na mstari wa kwanza, na lifanywe polepole nusu ya mwendo wa kawaida. Wakicheka tena, mwigizaji wa Bibi awatazame wao badala ya kumtazama askari.

*Mvua inanyesha juu ya bati na hakuna kinachosikika.* Endeleeni kwa vitendo, acheni maneno. Kama mlifanya vizuri ule mpito wa hatua ya 9, igizo litasimama.

*Mmeombwa dakika kumi tu, kwenye sherehe ya Mashujaa tarehe 25 Julai.* Msiliendeshe igizo zima mbiombio. Chukueni tukio la mzigo na tukio la redio, yaacheni mengine yote nyumbani, na mwambieni mshereheshaji mapema asipige muziki katikati.